Sita Kati ya Arobaini na Sita

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo msomi akikuta kosa humu alisahihishe kimoyomoyo, asinisumbue. Majina ya watu sitayataja. Si kwa woga, woga uliniisha zamani. Nitawataja kwa vyeo vyao, maana wenyewe walivipenda vyeo kuliko majina waliyopewa na mama zao. Wa kwanza ni Katibu Kata. Wa pili ni Bwana Ardhi, kijana aliyetoka mjini na kamba yake ya kupimia. Wa tatu ni karani wa ghala la pamba la ushirika. Waliobaki walikuwa wanapiga makofi tu, na mimi nilikuwa mmoja wao, nilipiga sana.

Uhuru ulinikuta msichana. Nilicheza ngoma kwa viatu vya kuazima mpaka kimoja kikaachia soli. Tuliambiwa kuanzia sasa kila kitu kitaendeshwa kwa mpango. Nikafurahi. Sikujua kwamba na mimi nimo kwenye mpango.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilipokuja nilikuwa nimeolewa, tunakaa Bunda, ng'ambo ya Manyamanyama, kwenye kichanga chekundu, zizi nyuma ya nyumba, pamba mbele. Ujirani wetu ulikuwa wa kuitana kwa sauti kubwa. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, tulikaa mbali mbali. Lori likaja na mgambo, tukaambiwa tuna siku tatu za kujenga taifa kando ya barabara.

Huko kando ya barabara Bwana Ardhi alikuwa ameshapima viwanja sitini. Alipima kiangazi. Nisikilizeni vizuri hapa. Mtu yeyote wa Bunda, hata yule anayeongea peke yake sokoni, anajua udongo mweusi wa mbuga haujengewi. Kiangazi unakuwa mgumu kama barabara, unapasuka nyufa za kumeza kandambili. Mvua ikinyesha unavimba kama andazi na kuzisukuma kuta. Wazee walimwambia. Kijana akapiga mguu chini, pwa pwa, akasema, "Wazee, hii ardhi ni ngumu kabisa, hata ghorofa inabeba." Ramani yake ilikuwa na mistari iliyonyooka, na hakuna mzee anayeweza kushindana na mstari ulionyooka. Viwanja ishirini viliangukia kwenye mwinuko wa kichanga. Arobaini viliangukia mbugani.

Ili kusiwe na manung'uniko, Katibu Kata akaitisha mkutano. Akasimama juu ya kiti cha shule, akashika kopo la samli.

"Ndugu wananchi! Hapa hakuna upendeleo. Kila kaya itachomoa kura. Atakayeamua ni kopo hili, siyo mimi!"

Tukashangilia. Kwa mara ya kwanza tulimpata kiongozi asiyetaka kuamua.

Kura zenyewe zilikuwa vipande vya zile tiketi za ghalani zinazofungwa kwenye magunia ya pamba, kila kipande kimeandikwa namba ya kiwanja. Karani wa pamba ndiye aliyezikata, maana ndiye aliyekuwa na mkasi. Wakaanza mabalozi wa nyumba kumi kumi na jamaa zao, kwa heshima ya kazi zao za kutuhesabu. Mmoja akaingiza mkono, mwinuko. Wa pili, mwinuko. Wa tatu akakorogakoroga kama anatafuta mfupa kwenye mchuzi, mwinuko. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza, "Hawa wameogea dawa ya wapi?" Watu wakacheka. Na sisi tukapiga makofi, tukasema wana bahati.

Ilipofika zamu ya kaya yetu, mume wangu alitaka kwenda mwenyewe. Mama yake akamzuia. "Aende mke wako, mkono wake mwepesi." Nilikuwaga na sifa hiyo. Mbegu niliyopanda mimi haikuozaga. Kwa hiyo nilikwenda kwa maringo, nikaingiza mkono wangu mwepesi, nikachomoa arobaini na tisa. Mbuga.

Msimu wa kwanza ukuta ulipasuka, tukaziba. Msimu wa pili mvua zilipozidi maji yalisimama ndani, na alasiri moja mume wangu aliingia kuinua magunia ya pamba yasilowe. Ukuta wa nyuma ukamlalia. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo.

Kwenye msiba Katibu Kata alikuja, akahutubia. Alisema marehemu amefia katika ujenzi wa taifa, na kwamba ni bahati mbaya. Akarudia, bahati mbaya, akatazama saa. Baada ya hapo mama mkwe akasema mbele ya watu wote, bila kupandisha sauti, "Mkono wake ndio umemzika mwanangu." Akafunga nguo zake, akahamia kwa binti yake Butiama. Nilimpelekea salamu mara nyingi. Majibu hayakuja.

Tangu siku hiyo nilitaka kujua kitu kimoja tu, wala si kikubwa. Ni mkono wangu, ni bahati tupu, au ni mtu?

*

Niliondoka kijijini nikaenda Musoma. Nikapanga chumba Nyasho, nikapata kazi ya kufagia maabara kwenye shule moja ya sekondari. Wanafunzi wakaniita Mama Maabara. Nikawa naosha vichupa visivyo na kitu na kufuta vumbi kwenye mashine zilizokuja kama msaada bila kitabu cha kueleza zinafanya nini. Marafiki zetu wa nje walitupenda sana, walitutumia vitu walivyoshindwa kuvitumia wenyewe.

Mwalimu wa fizikia alikuwa kijana mwembamba, mpole, anayekula chaki kwa mawazo. Siku moja akatoa kwenye kisanduku cha madini ya risasi kitu kidogo kama punje ya mtama, akakiweka mbele ya mashine yenye mdomo. Mashine ikaanza kulia. Tik. Tik tik. Kimya. Tik.

"Mama," akaniambia, "wanafunzi wako mitihani. Nisaidie kuhesabu. Kila dakika, kila mlio, weka kijiti ubaoni."

Nikaweka vijiti. Dakika ya kwanza milio ishirini na mitatu. Ya pili kumi na minane. Ya tatu ishirini na mmoja. Kisha kumi na tisa. Nikasema mashine imelewa. Akacheka, akasema hapana, ndivyo ilivyo. Ndani ya punje ile kuna atomu nyingi kuliko mchanga wote wa ufukweni, na kila mlio ni atomu moja imevunjika.

"Ipi?"

"Hakuna anayejua."

"Lini itavunjika nyingine?"

"Hakuna anayejua, mama. Tunajua uwezekano tu. Tunajua kwa wingi wake, kwa muda fulani, nusu zitakuwa zimevunjika. Lakini hii ya hapa, au ile ya pale, hata ukiijua yote ilivyo, huwezi kusema."

"Na nani anachagua?"

"Hakuna anayechagua."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ndoo. Yeye akadhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa kuliko wanafunzi wake wote waliokuwa kwenye mtihani, maana mimi somo hilo nililisikia tayari, likifundishwa na Katibu Kata juu ya kiti.

Tuliendelea mpaka ubao ukajaa. Akapiga wastani, akanionyesha. Kila dakika ilikuwa kaidi, lakini zote kwa pamoja zilikuwa na adabu, zinazunguka ishirini tu. Nikamwambia hizo atomu nazifahamu, zilikuwa kwenye mikutano yetu. Mmoja mmoja hakuna anayetii, lakini ripoti inasema wananchi wote wameitikia.

Kuanzia hapo, kila baada ya kufagia nilikuwa namwekea chai, naye ananieleza. Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Walimu wenzake walikuwa wanazungumza sukari imefika duka gani. Alisema neno lenyewe kwa Kiingereza ni probabiliti, na kwamba mabingwa wa ulimwengu, watu wenye ndevu na mishahara, wanakubaliana hesabu zote mpaka nukta ya mwisho, ila wanagombana hesabu hizo zina maana gani. Nikasema hapo wamefanana na kamati yetu.

"Wapo wanaosema," akaanza, amekunja vidole, "uwezekano ni ujinga wetu tu. Kuna kitu kimejificha ndani ya atomu, kingeonekana tungejua kila mlio kabla haujalia. Kama mtu anayerusha shilingi. Ukijua mkono wake na upepo, unajua itaangukia upande gani."

"Hao ndio wangu," nikasema.

"Subiri, mama. Wapo wengi zaidi wanaosema hakuna kilichojificha. Uwezekano haumo kichwani mwetu, umo kwenye kitu chenyewe. Atomu yenyewe haijaamua. Ukiitazama ndipo inakuwa hivi au vile."

"Ukiitazama ndiyo inaamua?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi ni karani wa serikali huyo. Hafanyi kazi mpaka mkubwa aingie."

Akacheka, chai ikampalia. Alipopona akaniambia na wa tatu, nao ndio walioniumiza. Hawa wanasema yote hutokea. Atomu imevunjika na haijavunjika, dunia inagawanyika mbili, moja hivi, moja vile, na watu ndani yake nao wanagawanyika.

Niliweka kikombe chini. "Unataka kuniambia kuna dunia ambayo nilichomoa kura ya mwinuko?"

Nilikuwa nimeshamsimulia habari za kopo. Akaona amegusa pabaya, lakini ni mkweli yule kijana. "Kwa mujibu wao, ndiyo."

"Na mume wangu yuko huko anakunywa chai."

"Kwa mujibu wao."

"Naweza kumpelekea salamu?"

"Hapana. Dunia hizo hazikutani tena."

"Na Katibu Kata yuko huko pia?"

Akafikiri. "Atakuwepo, mama."

"Basi waache huko huko na hekima yao."

Nilifagia chumba kile mara ya pili bila sababu. Yeye alifuta ubao uliokuwa msafi. Mwishowe akasema kitu ambacho sikukitilia maanani siku hiyo, ila kiliingia. Alisema, "Mama, watu wanagombana kuhusu mlio mmoja mmoja. Lakini ule uwezekano wenyewe, ile namba, haubahatishwi. Punje hii ina namba yake, haibadiliki. Ukikuta namba imebadilika, usiulize bahati. Uliza nani amegusa punje."

*

Karani wa pamba nilimkuta sokoni Mwigobero, hapo hapo Musoma. Vyama vya ushirika vilipovunjwa alikosa ghala, akawa anauza dagaa kwenye turubai, kofia ile ile ya ukarani kichwani. Alininadia kabla hajanijua.

"Karibu mama, dagaa wa jana, wakavu kama ahadi!"

"Ahadi za nani, karani?"

Akainua uso. Alinitambua polepole, nikauona utambuzi ukishuka kutoka kwenye paji mpaka kwenye kidevu. Akasema oho, shemeji, za siku nyingi. Nikasema za siku nyingi ni nyingi. Nikamuuliza moja kwa moja, sikuwa na nauli ya kuzungukazunguka. "Siku ile ya kopo, mlinichagulia mbuga?"

Akatazama kulia na kushoto. Mwanamke wa turubai la jirani alikuwa ameacha kupepeta.

"Nani akuchagulie wewe?" akasema. "Wewe ulikuwa nani hata mtu akae chini akuchagulie?"

Nataka mwelewe kwamba lile lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyopewa na mtu mwenye cheo. Miaka yote nilikuwa namjenga adui kichwani, anaketi mezani usiku na mchana akipanga namba arobaini na tisa kwa ajili yangu. Kumbe hata uadui sikuupata.

"Basi ilikuwa bahati," nikasema.

"Bahati safi kabisa."

"Na mabalozi?"

Akajikuna chini ya kofia. Dagaa wamemfundisha kusema, labda, au ile hali ya kukosa cheo, mtu akishavuliwa anaongea kama aliyelewa. "Shemeji, yale ya zamani. Haya. Wewe ni mtu wa pamba. Tiketi za pamba safi zilikuwaje?"

"Za karatasi ngumu."

"Na za pamba fifi?"

Vidole vilijibu vyenyewe, vikaanza kusuguana kama vimeshika kitu. Pamba safi tiketi ngumu. Pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, tiketi nyembamba kama ganda la kitunguu. Tulikuwa tunazishika kila msimu, sisi wote, watu wazima sitini tumesimama pale, tumezaliwa kwenye pamba, na tulitazama namba tu.

"Kumi na nne za mwinuko niliandika kwenye ngumu," akasema. "Katibu Kata aliniagiza. Wenye kujua walitangulizwa, wakapapasa, wakachukua. Sita za mwinuko nikaacha kwenye nyembamba, ili isionekane. Na za mbugani zote nyembamba. Ulipofika wewe zilikuwemo nyembamba tu. Huko sikugusa, haki ya Mungu. Hata mimi nisingeweza kujua utatoa ipi. Ndiyo maana nakwambia bahati safi."

Sita kati ya arobaini na sita. Sisi tulidhani ni ishirini kati ya sitini, yaani katika kaya tatu moja inapanda mwinuko. Kumbe ilikuwa karibu moja katika nane. Nilizipiga hesabu hizo nikiwa nimesimama, na nilimwelewa mwalimu wangu kuliko alivyojielewa. Mlio ule haukuwa na mwenyewe. Mkono wangu haukuwa na mkosi, wala hakuna aliyeuelekeza. Ila punje ilikuwa imeguswa. Walichukua bahati kwanza, wakala minofu, halafu wakatuita tuje tubahatishe mifupa kwa haki na usawa, na tukipata mfupa tuambiwe ni mkono.

"Nikufungie kisado?" karani akauliza.

*

Jumamosi nilipanda basi kwenda Butiama. Kule ni nyumbani kwao Rais, hata mbuzi wanatembea kwa nidhamu, hujui mgeni gani wa serikali atapita. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anapukuchua mahindi. Hakunikaribisha, lakini hakunifukuza, kwa hiyo nilikaa chini kwenye maganda.

Nilimweleza yote. Sikumweleza habari za atomu, angedhani nimechanganyikiwa. Nilichukua punje za mahindi, nikahesabu sitini mbele yake. Nikatoa kumi na nne. Nikamwambia hizi walikwishachukua kabla mimi sijaitwa. Kisha katika zilizobaki nikatenga sita.

"Hizi tu?" akauliza. Lilikuwa neno la kwanza kunipa tangu msiba.

"Hizi tu, mama."

"Kwa hiyo ungeweza kuzipata."

"Ningeweza."

"Ila hukuzipata."

"Sikuzipata."

Nilitegemea nini? Nilitegemea mzee wa miaka ile aone namba kama mwalimu wa sekondari anavyoziona. Akaendelea kupukuchua, gunzi moja, gunzi la pili. Kisha akasimama, akakung'uta khanga, akamwita binti yake amletee viatu.

"Huyo karani," akasema, "anakaa wapi?"

Tulipofika Mwigobero jua lilikuwa kichwani na watu wamejaa. Nilimwonyesha turubai. Alikwenda peke yake, mimi nikabaki nyuma hatua chache. Karani akamwona bibi kizee anakuja, akadhani ni mteja.

"Karibu bibi, dagaa..."

"Zirudishe zile kumi na nne."

"Bibi?"

"Zirudishe koponi, zote. Halafu mke wa mwanangu achomoe tena."

Karani akacheka, kisha akaniona nyuma, kicheko kikakatika. Mwanamke wa turubai la jirani akauliza kumi na nne za nini. Mwingine akasema labda samaki. Watu wakaanza kusogea.

"Bibi, yale mambo yalipita," karani akasema kwa sauti ya chini. "Haiwezekani tena."

"Najua haiwezekani," mama mkwe akasema. "Nimetoka Butiama nikusikie wewe ukisema. Na hawa nao wasikie. Sema tena, sauti iongezeke."

Akakaa kwenye ukingo wa turubai la karani, juu ya dagaa, akasubiri.